Barua kwa mwanangu: bibi yako na ile kaseti

Mwanangu,

Salamu zako za Muscat zimefika, na klipu ya Bi Kidude, yule mwimbaji wetu wa Unguja, nimeiangalia mpaka bando likakata. Unauliza mbona Bi Kidude anajulikana dunia nzima na bibi yako aliyekuwa akipiga ngoma ileile ya msondo hajaacha hata wimbo mmoja wa kumsikilizisha mwanao. Haya, nikujibu.

Kwanza usiwalinganishe. Bi Kidude kaimba Ulaya huko, kapewa tuzo ya WOMEX, ile ya wanamuziki wa dunia, mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 watu walijaa kumzika, na haki yake. Na usidhani bibi yako alikuwa hajui kurekodiwa ni kitu gani. Alikua akizisikia santuri za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani, kwenye baraza za watu maana kwao gramafoni hakuna, na alikuwa akituhadithia sisi namna Siti alivyopanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kuimba, mtoto wa Fumba mfinyanzi wa vyungu, anahadithia utafikiri alikuwamo melini. Kwa hiyo alijua, alijua sana.

Ila bibi yako alikuwa wa mtaa. Kikwajuni pale harusi haikuwa harusi kama yeye hayupo, na msiba vilevile, yeye ndo mwosha wa wanawake, yeye ndo somo aliyewafunda nusu ya mabibi harusi wa pale, yeye ndo mshika upatu na kuandika hajui, mimi ndo nilikuwa namwandikia daftari na yeye kichwani anajua nani kapokea nani bado na nani amechelewesha mwezi uliopita kwa sababu mtoto anaumwa, na huyo marufuku kudaiwa. Ukimuuliza unapata nini anakwambia shughuli ni watu. Kila kitu kwake shughuli ni watu.

Unamkumbuka na ngoma? Wewe ulikuwa mdogo. Alikuwa akiwasha makumbi uani, anauinamisha msondo ngozi ielekee moto, anaugonga kwa kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa, "haijasema bado," anaurudisha tena. Sisi wenye haraka tumeshavaa, watu wanangoja, yeye na moto wake. Ikishasema anaufunga kiunoni kwa kanga, anausimamia katikati ya miguu, na hapo tena hata bibi harusi anasahau kulia.

Sasa ile siku. Alikuja mgeni na mashine yake ya kurekodi, miaka ya themanini mwanzoni, mama mdogo wako bado hajaolewa. Aliahidi atarekodi nyimbo za harusi, maana zile za ndani ya unyago bibi yako alishamwambia hazitoki nje ya chumba na wala asijisumbue kuuliza. Kundi zima limeshona, kanga sare, udi umefukizwa, msondo umeshasema. Mimi ndo niliyeshika cherewa ya kutikisa, moyo unanidunda. Ndo anaingia mtoto mbio anasema mama yake, yule jirani wa nyuma, kafariki. Jirani huyohuyo, unamjua, aliyemtangaza bibi yako mtaa mzima kuwa anakula pesa za upatu, na halikuwa kweli, daftari nilikuwa nalo mimi!

Mama akaufungua msondo, akaulaza ukutani, akaitaka kanga ya kawaida. Nikamwambia mama, waosha wapo wengine, imba japo huu mmoja. Akaniangalia tu. Mgeni akangoja mpaka magharibi, akaondoka, hatukumwona tena.

Hilo lingepita. Lililonikaa ni baadae. Niko kwenye daladala natoka Darajani, dereva ana kaseti, linaimba kundi jingine kabisa, na nasikia:

Jirani wangu wa ndani, ukuta wetu mmoja
Likivuja la jirani, na langu nalo lavuja

Beti ya mama. Aliitunga paa letu lilipovuja masika, nilikuwepo, nilikinga sufuria mwenyewe. Na mwimbaji anasifiwa humohumo kwenye kaseti, "ameimba na ametunga." Nilishuka kabla ya kituo, nikarudi kuinunua, nikampelekea mama nikiwa natetemeka. Nikamtilia. Unajua alifanya nini? Alisema ongeza sauti. Akasikiliza yote, akasema hapo kwenye "lavuja" wamewahi kushuka, sauti ilitakiwa ikae. Kisha akaomba irudishwe mwanzo, na shoga zake wakaitwa, na uani ikachezwa mpaka betri zikaisha. Alifurahi, Wallahi, alifurahi kuliko siku zote. Mimi nimenuna jikoni.

Mpaka leo sijui nikae upande gani. Najiambia nyimbo za harusi ndivyo zinavyotembea, mmoja anatunga, mwengine anazibeba, na mama mwenyewe alikuwa anachukua za wengine akazigeuza, sijaona kosa. Halafu nakumbuka lile neno "ametunga" na damu inanichemka upya. Kutaja jina la mtu kunagharimu nini? Lakini tena alipofariki, keshapita miaka themanini, mguu hauwezi na msondo hajaugusa siku nyingi, wanawake waliokuja kumuosha waligombania zamu, na binti wa yule jirani ndo aliyeshika kata ya mwanzo. Shughuli ni watu. Sasa niambie hilo ungelirekodi vipi.

Najua hukuniuliza hayo, uliniuliza kuhusu wimbo. Kaseti ninayo, imo kwenye kasha lake pamoja na daftari la upatu, lakini si sauti yake na mwanao asidanganywe kuwa ni yake. Mama mdogo wako ukimpigia atakwambia mama yetu kaibiwa mchana kweupe, na nusu ya siku mimi nakuwa naye. Lakini mimi sitamki, maana aliyetunga alisikia kwa masikio yake na akaomba sauti iongezwe.

Mje Idi na huyo mtoto. Nitamwimbia hiyo beti ilivyo, na pale kwenye "lavuja" nitakaa panapotakiwa.

Mama yako