Kutazama ndege Bukavu wakati mvua haieleweki

Kuanzia Septemba hadi Mei, anayetaka kutazama ndege Bukavu, mji wa Kongo kando ya Ziwa Kivu, apange siku yake akijua mvua itamkuta njiani. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kukimbilia nyumbani matone ya kwanza yanapoanguka, kisha kutoka tena alasiri, wakati mvua kubwa ya siku ndiyo inakaribia. Hapo umeikosa nusu saa ya kwanza baada ya mvua kukatika, ambayo kwetu ndiyo saa bora. Ndege wana njaa na manyoya yamelowa, kwa hiyo hupanda kwenye matawi yaliyo wazi kujikausha, na wadudu nao wanaanza kuruka. Kumbikumbi wakitoka ardhini, simama hapo hapo. Mwewe na mbayuwayu watakuja wenyewe.

Kwa hiyo mvua ikinyesha, jikinge karibu na mahali unapotaka kuwa itakapokatika: chini ya paa la banda au baraza ya jirani, penye mti mkubwa au ua lenye maua mbele yako.

Asubuhi anzia ziwani, saa kumi na mbili kasoro robo. Saa hiyo wavuvi wa sambaza wanarudi. Samaki hao waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndege wala samaki wamewazoea. Tafuta mnandi kwenye nguzo na mawe, na mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini kichwa mbele. Simama jua likiwa mgongoni, la sivyo kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Upande wa mto Ruzizi kuna mpaka na Rwanda: usiinue darubini wala kamera kuelekea madaraja, vizuizi au askari, hata kama ndege mzuri ametua hapo. Kiongozi wako ajitambulishe kwanza, ndipo mtazame.

Ukiwa kwenye mtumbwi, ngurumo ya kwanza ndiyo amri ya kurudi ufukweni. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, hivyo ukihesabu sekunde thelathini kati ya umeme na ngurumo, radi iko kilomita kumi tu. Usingoje kuhesabu mara ya pili. Upepo wa baridi ukigeuka ghafla chini ya wingu jeusi, nao una maana hiyo hiyo.

Msitu wa Kahuzi-Biega, upande wa Tshivanga, ni jambo jingine. Huingii bila ruhusa ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi za wanyama na misitu, na walinzi wake, na usalama wa barabara uulizwe jana yake jioni, kisha uulizwe tena asubuhi kabla ya kupanda gari. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tshivanga ni juu zaidi ya mita 2,000. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo chukua sweta hata kama mjini jua linawaka. Vaa bote zenye meno. Udongo ukilowa, viatu vya raba vitakuangusha.

Ndani ya ukungu, masikio yanafanya kazi kubwa kuliko macho. Acheni kuongea, simameni dakika tano nzima, na kiongozi aonyeshe sauti inatoka wapi kabla ya mtu kuinua darubini. Rangi nazo hudanganya. Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, anang'aa kwa jinsi manyoya yake yanavyorudisha mwanga, kwa hiyo chini ya wingu zito anaonekana mweusi mtupu. Mtambue kwa mdomo uliopinda, mkia na sauti, na usiandike jina kwa kubahatisha. Shorobo wa milimani ni tofauti: wekundu wa mabawa yake unatokana na rangi halisi yenye shaba ndani ya unyoya, hivyo akiruka utauona hata siku ya giza. Na yule ndege mdogo wa kijani mwenye koo la samawati, Pseudocalyptomena graueri, ambaye wengi huja kwa ajili yake, hukaa juu katika majani na ni mkimya. Kiongozi anayekuahidi kumwona siku ya mvua anakuuzia tamaa.

Kuhusu darubini, hapa tunapendelea 8x42 kuliko 10x42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata duara la mwanga la milimita 5.25 linaloingia jichoni. Kwa 10 unapata 4.2. Chini ya miti yenye ukungu tofauti hiyo inaonekana, na mkono uliopata baridi hutikisa picha zaidi kwenye 10. Usiifiche ndani ya koti: darubini baridi ikikutana na jasho na joto la mwili, lenzi hupata umande. Iache nje, kifuniko kikiwa juu ya lenzi za macho. Beba vitambaa viwili vya pamba ndani ya sache iliyofungwa, kimoja cha maji, kingine kikavu cha kumalizia. Puliza mchanga kwanza, kwani ukisugua nao unachora kioo milele. Mvuke ukiingia ndani, iweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu; kuiweka kando ya mbabula, yaani jiko la makaa, huharibu gundi na mafuta ya ndani. Daftari liandikwe kwa kalamu ya risasi. Wino hutiririka.

Watu wanne kwa kiongozi mmoja wanatosha. Wa tano husimama nyuma ya mti na haoni kitu. Kabla ya kuondoka kubalianeni namna ya kuelekeza. "Yuko saa tatu" huleta fujo, kwani mmoja anasoma saa ya Kiswahili na mwingine ya Kifaransa, na ndege yuko pande mbili tofauti. Semeni hivi: mti mkavu, tawi la pili kulia, nusu ya juu.

Ndege akiwa kwenye kiota wakati wa mvua, mpiteni mbali. Akiruka, mayai hupoa haraka.

Malipo ya kiongozi yajadiliwe kwa siku nzima, mvua inyeshe au isinyeshe. Akijua atapunguziwa mkikatisha, atawapitisha haraka mahali ambapo mlitakiwa kusubiri.