Kuhusu wosia wa shangazi yako

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma. Unauliza kortini mnaenda kutafuta nini, ilhali wosia wa marehemu shangazi yako unao, umetiwa sahihi, na umekutaja wewe kuwa msimamizi. Tena mnunuzi wa shamba ameshajitokeza.

Mnunuzi mwambie asubiri. Kwa Sheria ya Urithi ya hapa Kenya, anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Shamba nalo haliuzwi hata ukishapewa hati ya usimamizi, yaani karatasi ya korti inayokutambua kuwa msimamizi, mpaka korti iithibitishe hati hiyo.

Utapeleka ombi pamoja na wosia halisi, cheti cha kifo na hati yako ya kiapo. Tangazo litatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi atapewa siku 30. Ukishapata hati, kwa kawaida ni miezi 6 ndipo uombe ithibitishwe. Naam, ni ndefu.

Sasa binamu yako. Anasema wosia ni batili kwa sababu mamake hakumwachia kitu. Hapo anachanganya mambo mawili. Katika uhalali, hakimu haulizi kama mgao ni wa haki. Anauliza kama wosia ni wa shangazi kweli. Je, alitia sahihi, na mashahidi wawili au zaidi wakamwona akitia, au akakiri mbele yao kwamba sahihi ni yake, nao wakatia zao mbele yake? Si lazima wawe walikuwa pamoja. Akidai kwamba mamake hakuwa na akili timamu, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Lakini usimdharau. Yeye ni mtoto wa marehemu, na kifungu cha 26 cha sheria hiyo ya urithi kinamruhusu kuiomba mahakama imtengee fungu hata wosia ukiwa halali, mradi alete ombi kabla hati haijathibitishwa. Mimi naona mkae naye mapema, maana kesi ya ndugu hula shamba lenyewe.

Yule mwalimu mstaafu aliyeshuhudia wosia ana umri mkubwa na macho yamemwisha. Mpeleke kwa wakili wiki hii aape, msingoje pingamizi. Binamu yako akitaka kuusoma wosia, mpe nakala. Ule halisi usitoke mikononi mwako mpaka uupeleke kortini.

Baba yako