Kabla hujang'oa chipu: kwa wanaoanza kutengeneza bodi za mashine za zamani za michezo ya video, zile za kutumbukiza sarafu

Bodi ya kwanza niliyoiharibu kwa mikono yangu haikuwa na chipu mbovu hata moja. Ilikuwa ya katikati ya miaka ya 1980, na kioo kilijaa herufi zilizovurugika, zimeganda. Nikaamua papo hapo kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda, imekufa. Niling'oa chipu nne, nikaweka soketi na chipu mpya, na herufi zikabaki vilevile. Siku ya tatu ndipo nilipopima umeme kwenye bodi yenyewe, juu ya miguu ya chipu: volti 4.58. Pawa saplai ilikuwa inatoa 5.02. Karibu nusu volti ilikuwa inapotelea kwenye kiunganishi cha pembeni, ambacho meno yake yalikuwa yamefifia kwa uchafu wa miaka. Nikayasafisha, herufi zikatulia. Lakini katika ule ung'oaji nilikuwa nimekata njia mbili za shaba, na kuzitafuta kulinichukua wiki nzima.

Kwa hiyo, ndugu unayeanza, mita iguse bodi kabla ya chuma cha kulehemu. Chipu za familia ya 74LS, zile ndogo za lojiki zinazojaa kwenye bodi hizi, zinataka kati ya volti 4.75 na 5.25. Pima kwenye chipu iliyo mbali kabisa na kiunganishi, si kwenye pawa saplai. Ukikuta pungufu, usikimbilie kuongeza pawa ili kufidia, maana siku utakayochomeka bodi safi utaipelekea umeme uliozidi. Safisha meno kwa kifutio laini cha penseli, kisha pamba na alkoholi ya isopropili. Msasa usiuguse kabisa, unakwangua dhahabu.

Na kabla hata ya kuwasha, pima kama kuna shoti kati ya laini ya volti 5 na ethi. Bodi zinazofuata JAMMA, mpangilio wa pamoja wa kuunganisha bodi na mashine ulioanza mwaka 1985, zina kiunganishi cha miguu 56 na umeme unakaa mahali palepale. Za kabla ya hapo kila moja ina mpangilio wake. Bodi ya Pac-Man ya mwaka 1980, kwa mfano, inapokea umeme wa AC, unaogeuka mwelekeo, na kuunyoosha yenyewe kuwa DC. Tafuta mchoro wa saketi kwanza.

Umeme ukiwa sawa, kaa uangalie kioo. Wengi hawakai, na hapa ndipo muda mwingi unapookolewa. Kama mlio unasikika na sarafu inapokelewa lakini picha ni takataka, basi prosesa inafanya kazi yake. Achana nayo, ingia upande wa picha. Kama mandhari ya nyuma ni safi ila wahusika wanaotembea wamekatwa mistari, umeshaondoa nusu ya bodi kwenye washukiwa. Nyekundu ikikosekana kila mahali, anza na waya na rezista za njia ya nyekundu. Na kama picha inatokea, inafutika, inatokea tena bila kikomo, ujue mbwa mlinzi anabweka. Ndivyo tunavyoiita ile saketi ambayo programu inatakiwa kuigusa kila baada ya muda mfupi. Isipoguswa, inairudisha prosesa mwanzo. Mbwa hana kosa. Anakuambia programu imepotea njia, mara nyingi kwa sababu ya ROM (chipu inayohifadhi programu), RAM au laini ya anwani (njia ambayo prosesa huchagulia sehemu ya kumbukumbu) iliyokatika.

Prosesa yenyewe hufa mara chache kuliko wageni wanavyodhani. Kwenye Z80, aina ya prosesa ambayo utaikuta kila mahali (Galaga ya mwaka 1981 ina tatu), pima miguu minne: wa 11 uwe na volti 5, wa 29 ethi, wa 6 uwe na mapigo ya saa (yanayoipa prosesa mwendo), na wa 26 ndio riseti, unaoirudisha prosesa mwanzo. Riseti ikiwa chini, yaani karibu na volti sifuri, muda wote, prosesa imelazwa na kitu kingine.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni probu ya lojiki, kijiti chenye taa ya juu na taa ya chini. Gusa mguu wa kuingizia: taa zinapepesa. Gusa mguu wa kutolea wa chipu hiyohiyo: hakuna taa hata moja. Mguu huo unaelea, si juu wala si chini, na kwa kawaida chipu hiyo imekufa. Ila uwe mwangalifu na chipu kama 74LS245, ambayo huzima njia zake kwa makusudi isipoitwa. Tazama mguu wake wa 19. Ukiwa juu, ule ukimya ni halali. Nimeona 245 nyingi nzima zikitupwa kwa kosa hili, na inaniuma.

Ukiwa na shaka, mbebeshe mshukiwa chipu nzima ya namba ileile mgongoni, miguu ikigusana, kisha washa. Picha ikirudi, umempata. Isiporudi haijathibitisha kitu, maana chipu iliyoshikwa chini na shoti ya ndani haisaidiki kwa kubebeshwa.

ROM zisome kwa kifaa cha kuprogramu, kila moja mara tatu, halafu linganisha na namba za ukaguzi zilizomo kwenye MAME, mradi wa kuigiza michezo hii kwenye kompyuta ulioanza mwaka 1997. Majibu yakibadilika kila unaposoma, safisha miguu kwanza. Ukimaliza, kama chipu ina kidirisha cha kioo juu yake, kifunike kwa stika, kwa sababu mwanga wa urujuanimno ndio unaofuta yaliyomo.

Betri usiiguse kabla hujajua inatunza nini. Kwenye bodi nyingi ni mipangilio na alama za juu tu, na ikivuja itoe haraka, usafishe kwa siki, maji, kisha alkoholi. Lakini kwenye CPS-2, mfumo wa bodi wa Capcom wa mwaka 1993, betri ndiyo inayoshikilia ufunguo wa kufungulia programu iliyofichwa kwa siri. Ikikatika, mchezo hauwaki.

Ukishathibitisha chipu mbovu, usijaribu kuiokoa. Kata miguu yote karibu na mwili, kisha toa mguu mmoja mmoja kwa joto, bila kuvuta. Mguu wa ethi hunyonya joto, hivyo uongezee risasi mpya ya kulehemu kidogo, usubiri iyeyuke hadi upande wa pili. Ukihisi unalazimisha, acha. Weka soketi, pima kila njia toka mguu hadi inakoishia, ndipo uchomeke chipu. Halafu iache bodi iwake saa mbili mchezo ukijionyesha wenyewe, kwa sababu kuna ubovu unaojificha mpaka chipu zipate moto.