Barua kwa mwanangu: mlango wa kutokea

Mwanangu,

Umeniuliza masoko machanga ya hisa kama letu la Nairobi hatari yake hutoka wapi, kwenye siasa au kwenye shilingi. Naona akiba ya Doha imeanza kukuwasha mkono. Mimi nitakujibu habari ya mlango. Sokoni kuingia si kazi. Tazama mlango wa kutokea.

Lile jokofu la kijani unalikumbuka? Lilitoka kwenye KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Mwaka 2006 tulinunua hisa kwa shilingi 11.90, siku ya kwanza sokoni zikafika 40. Marehemu baba yako alitembea wiki nzima kama aliyerithi bandari. Furaha ile ndiyo iliyotuponza. 2008 serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom, kampuni ya simu, kila moja shilingi 5, tukakimbilia mkopo wa sako, chama chetu cha akiba na mikopo. Ghasia za uchaguzi ndiyo kwanza zimetulia, na watu wamepanga foleni kama hapakutokea kitu, kwa hiyo siasa yako hiyo haikumtisha mtu. Hatukupata hata robo ya tulizoomba. Fedha zilizobaki zikachelewa kurudi, riba ya sako haikuchelewa. Juni bei ikafunguka juu ya 7. Nikasema tuuze. Baba yako akasema, ngoja zifike 10.

Septemba, Lehman Brothers, benki kubwa, ikaanguka huko New York. Sisi wa Kisauni ilituhusu nini? Ilituhusu. Wageni waliokuwa na hisa zetu walitaka fedha zao kwao, wakauza kwa pamoja, na wanunuzi wetu hapa ni wa kuhesabu. Mlango mmoja, watu wote. Mapema 2009 niliuza zangu kwa kama shilingi 3, ada yako ikalipwa. Hatukukwambia.

Utasema mngengoja: 2021 zilipita 40. Ni kweli, na huniuma hadi leo. Lakini mwanzoni mwa 2024 zilikuwa zimeporomoka hadi kama 13, na dola iliyokuwa shilingi 60 na kitu tulipokopa ikagusa 160. Wewe riyali yako ya Qatar imefungwa na dola, kwa hiyo ungekula hasara mara mbili. Basi shilingi nayo ina lake, nakubali. Ila hata hiyo inauma siku ya kutoka tu! Na Safaricom angalau ina wanunuzi. Kuna kampuni pale siku inapita bila hisa kuuzwa, bei iliyoandikwa ni pambo.

Sikwambii ununue, sikwambii uache. Ningekuwa wewe... hapana, fedha ni zako, jasho ni lako. Usikope tu.

Zile hisa 400 za Safaricom alizokataa kuuza baba yako zimo bado, kwa jina lake. Kila mwaka nasema nitakwenda kuzibadilisha jina, nafika kwenye ngazi za benki narudi.

Mamako