Maharage Yanayogoma, Mtungi Unaotoa Jasho na Taa Inayokonyeza Usiku

Maharage yamenunuliwa duka moja, siku moja. Jiko la huku yameiva kwa saa moja na nusu. La kule yamekula mkaa mchana kutwa na bado ukiyatafuna yanakataa. Watu humlaumu mwenye duka, wengine humlaumu mpishi. Anzeni kuyashuku maji.

Visima vingi vya pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa. Maji yakipita humo hubeba kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndiyo maji magumu. Madini hayo huing'ang'ania ile gundi ya asili inayoshikanisha chembe za harage, ikakaza badala ya kuyeyuka motoni. Ndiyo maana unaweza kuongeza kuni na muda usione tofauti kubwa.

Kuyajua maji yako hakuhitaji maabara. Chukua chupa mbili za nusu lita. Moja itie maji ya kisima hadi nusu, nyingine maji ya mvua kiasi hichohicho. Kwangua sabuni ya mche, kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kwa kila chupa, tikisa kwa nguvu sawa. Ya mvua itajaa povu. Ya kisima kama ni magumu itatoa povu haba na maji yatakuwa na ukungu wenye vibonge vyeupe. Usitumie sabuni ya unga kwa jaribio hili. Nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya.

Ukishathibitisha, loweka maharage nusu kilo kwenye lita 2 za maji, ikiwezekana ya mvua, pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi. Najua wengi tumelelewa tukiambiwa chumvi huyafanya yawe magumu. Kwenye kuloweka ni kinyume chake: sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, na ganda hulainika. Saa 8 hadi 12 zinatosha. Kwenye joto la Dar ukizidisha hapo yataanza kuchacha, utaona mapovu na kusikia harufu. Mwaga maji hayo yote, suuza, weka mapya. Kama huna ila ya kisima, yachemshe kwanza dakika 10, yaache yapoe, kisha mimina ya juu tu na kuacha ule unga mweupe ulioshuka chini. Hayatakuwa kama ya mvua, lakini ukiona birika lako linaota magamba meupe haraka, njia hii itakusaidia.

Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje. Tindikali huzuia maharage kulainika, kwa hiyo viingie maharage yakiwa yameshaiva. Magadi yanafanya kazi, hilo halina ubishi, ila robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha. Ukizidisha utapata uji wenye ladha ya sabuni, na vitamini B1 nyingi itakuwa imepotea.

Wa Mbeya na Nairobi wana mtihani mwingine. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 94, si 100, kwa hiyo chungu kinatokota vizuri tu lakini joto lake halifiki lile la pwani. Huko sufuria ya presha si anasa. Ijaze isizidi nusu, maana maharage hutoa povu linaloweza kuziba tundu la kutolea mvuke.

Yapo pia maharage ambayo hakuna dawa. Yakikaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu hubadilika ndani. Baada ya saa 12 za kuloweka, punje iliyobaki ndogo na yenye makunyanzi itupe. Na yale makubwa mekundu, hata yakilowekwa, lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10. Yana sumu inayotapisha, na moto wa kutokota polepole hauiui.

Mtungi wa gesi unaotoka jasho nao huwatia watu hofu, wakidhani unavuja. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika. Ukiwasha jiko, kimiminika hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko hunyonya joto kutoka kwenye chuma. Chuma kikipoa, unyevu wa hewani hugeuka matone juu yake. Ukipika kwa moto mkubwa muda mrefu unaweza kuona hata utando mweupe wa barafu.

Jasho hilo lina faida: mara nyingi huishia pale kimiminika kinapoishia, na hivyo unaona kiasi kilichobaki. Kama mtungi ni mkavu, mwagia kikombe cha maji ya moto (si yanayochemka) ubavuni kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, pitisha kiganja. Palipo na joto ni patupu, panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo. Ukitaka uhakika zaidi, pima kwa mizani. Kwenye shingo ya mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu, mara nyingi baada ya herufi TW. Tuseme imeandikwa 7.2 na mizani inasoma 10.1: umebakiwa na kilo 2.9. Jifunze pia kupima siku ya kununua. Wa kilo 6 wenye TW hiyo unapaswa kusoma 13.2, na muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwomba mizani.

Kuulaza mtungi ili kuukamua gesi ya mwisho msifanye. Kimiminika kitaingia kwenye regyuleta, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi, na moto utalipuka juu ghafla. Na ukihofia kweli kwamba unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regyuleta na mpira. Mapovu yakivimba, funga, fungua madirisha, utoe mtungi nje. Kiberiti kisikaribie.

Moto wa njano unaopaka sufuria masizi maana yake hewa haitoshi. Zima, acha jiko lipoe, toa bana (kile kichwa chenye matundu ya moto), ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zibua matundu kwa sindano. Njiti ya kiberiti huvunjikia ndani. Chungulia na kwenye bomba fupi linaloingiza gesi kwenye bana. Buibui hupenda kutanda humo. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Usilipuuze hili, kwa sababu moto wa namna hiyo hutoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na harufu. Lakini vicheche vya rangi ya machungwa visivyoacha masizi ni chumvi au vumbi tu, hasa mchuzi ukifurika.

Maji ya bomba yanayotoka meupe kama maziwa: yakinge kwenye glasi na uyatazame. Yakianza kuwa maangavu kutoka chini kwenda juu, ni hewa, kunywa kama kawaida yako. Yakiangaza kuanzia juu huku kitu kikitua chini, ni mchanga au chokaa, yachuje.

Imebaki taa ya LED inayokonyeza au kuwaka hafifu baada ya kuzimwa. Tazama swichi kwanza. Kama ina kijitaa ndani yake cha kukuonyesha ilipo gizani, hicho kinapitisha umeme kidogo sana, na LED inaridhika na huo. Badilisha swichi, basi. Nyaya ndefu zilizolala pamoja kwenye bomba moja nazo huambukizana umeme kidogo, jambo lisilo na madhara. La hatari ni fundi aliyeikata nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Taa inazima, lakini holda inabaki na umeme, na anayebadilisha balbu akijua amezima anaweza kurushwa. Mwite fundi mwenye leseni, mwambie atoe balbu, afungue swichi na apime kwa testa (bisibisi ya kupimia umeme) swichi ikiwa imezimwa. Upande mmoja lazima uwashe testa. Ikiwa pande zote mbili ziko kimya, nyaya zimepinduliwa, na hadi zirekebishwe mtu asibadilishe balbu bila kushusha swichi kubwa.