Kocha humrudisha mtoto nyumbani kila jioni na hakuna aliyelalamika. Klabu ifanye nini?

SWALI: Mimi ni katibu wa klabu ya vijana mtaani kwetu, Tanga. Tuna watoto wa miaka 10 hadi 17 na sote tunajitolea. Kocha wetu mmoja amezoeana sana na mvulana wa miaka 14. Humrudisha nyumbani kwa pikipiki yake, amemnunulia njumu, na mama mtu ameona kwenye simu ya mtoto ujumbe wa WhatsApp wa saa tano usiku. Mama halalamiki, anasema kocha anamsaidia. Mwenyekiti anasema bila ushahidi tusimchafulie mtu jina. Mjumbe mwingine anataka tumwite mtoto mbele ya kamati tumuulize. Pia tunaye kijana wa miaka 22 mwenye ulemavu wa akili anayetusaidia kukusanya mipira. Je, naye anahusika na mambo haya?

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na pendekezo la mjumbe wenu, maana ndilo la hatari zaidi. Msimwite huyo mtoto mbele ya kamati. Mtoto wa miaka 14 akizungukwa na watu wazima, tena marafiki wa kocha wake, atasema hakuna kitu hata kama kipo. Akishakana mara moja, kuja kusema kweli baadaye kunakuwa kugumu maradufu. Na maswali ya kumwongoza, kama "alikushika wapi?", yanaweza kuvuruga maelezo yake siku akihojiwa na wenye kazi hiyo. Wenye kazi hiyo ni afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Klabu haichunguzi.

Mwenyekiti naye anahofia jina la mtu, na hofu hiyo ina haki yake. Ila anadai ushahidi ambao sheria haikuwadai ninyi. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Taarifa mnayo. Kuipima ni kazi ya wengine.

Je, huyo kocha ni mbaya? Mimi sijui, wala ninyi hamjui. Usafiri, viatu, ujumbe: kila kimoja peke yake chaweza kuwa ukarimu mtupu. Tabu ni kwamba anayekusudia kumdhuru mtoto naye hupita njia hiyohiyo. Huchagua mtoto mmoja, hujipendekeza kwa mzazi, hutoa zawadi, kisha hufungua mazungumzo ambayo wengine hawayaoni. Ndiyo maana sifa za mama hazinitulizi. Tena, angekuwa msichana, nadhani mtaa mzima ungekuwa umeshanong'ona. Kwa wavulana tunalala. Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009, kwa waliokuwa na miaka 13 hadi 24, ulionyesha kuwa takribani wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza na kocha, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yenu, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Eleza mlichokiona na uulize mwendeleeje. Mkimkabili kocha kwanza, ujumbe unaweza kufutwa na mtoto kutishwa. Mwombe mama naye asifute kitu. Andika kwenye daftari tarehe, kilichoonekana na aliyekiona, bila kuchanganya na unachokihisi. Daftari likae kwa mtu mmoja, chini ya kufuli, na habari zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Kanuni za wote hazihitaji kumsubiri afisa. Itisheni kikao cha makocha wote, mwenyekiti akiwemo, bila kumtaja mtu. Kocha hampakii mtoto mmoja peke yake; mzazi anakuja kumchukua, au watoto wanarudi kwa makundi. Ujumbe wote unapita kwenye kundi ambalo wazazi wamo. Zawadi inatolewa na klabu, na kila mtu anajua nani kapewa nini na kwa nini. Safari ya mechi yenye kulala ndipo pagumu zaidi: watu wazima wasiopungua wawili, vyumba vyao mbali na vya watoto, na mzazi anajua mahali na namba ya simu. Najua mtaniambia siku nyingine anafika kocha mmoja tu. Basi mazoezi yafanyike uwanjani, panapoonekana na wapita njia. Ya ndani siku hiyo yaahirishwe.

Msiitegemee sana hati ya polisi, ile ya kuonyesha mtu hana rekodi ya uhalifu, mnapopokea kocha mpya. Iombeni, lakini aliyewahi kudhuru bila kushtakiwa atakuja nayo ikiwa safi. Pigeni simu klabu aliyotoka.

Ikiwa mtoto atasema ameshafanyiwa jambo, hapo si suala la ushauri tena. Ni hospitali na polisi siku hiyohiyo, bila kumwogesha wala kufua nguo zake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, huduma zote hupatikana mahali pamoja. Familia zikitaka yaishe kienyeji, klabu isikae kwenye kikao hicho.

Huyo kijana wa miaka 22 si mtoto kisheria, ila anahusika, tena kwa pande mbili. Ni mtu mzima kati ya watoto, kwa hiyo kanuni zinambana kama kocha. Aelezwe kwa maneno mepesi, tena na tena. Na yeye mwenyewe anaweza kuonewa. Angalieni nani anamtuma dukani na chenji inakwenda wapi, nani anamfanya kichekesho cha watu, nani anabaki naye stoo. Mkiona jambo, muulizeni yeye anataka lifanyweje kabla ya kukimbilia kwa ndugu zake, isipokuwa pana hatari ya mara moja. Afisa ustawi wa jamii ni wake pia.

Kocha akikasirikia kanuni na kuondoka, mwacheni aende, na taarifa kwa afisa ibaki palepale. Klabu nyingine ikikupigia kumuulizia, wasomee kilichoandikwa daftarini, usiongeze lako.