Picha za f/16 zinatoka nyeupe: mapanga ya lenzi yamelowa

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga picha za harusi hapa Tanga kwa lenzi ya mtumba ya 50 mm. Ukumbini, f/1.8 (namba ya uwazi wa lenzi: ikikua, uwazi unapungua), spidi 1/125 ya sekunde, picha ziko sawa. Jumamosi Raskazone, jua la saa saba, nikabana hadi f/16, spidi ileile: nyeupe pe, bwana harusi kama kamwagiwa unga. Nikichungulia, f/1.8 na f/16 naona mwanga uleule. Shata, lile pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, imekufa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shata isingizie siku nyingine. Spidi ni moja na ukumbini imefanya kazi. Kule kuchungulia nako kusikutie shaka. Kamera yenye kioo cha kuakisi ndani huiacha lenzi wazi kabisa ili uone vizuri. Ukibonyeza ndipo kioo kinanyanyuka, lenzi inajibana, shata inafunguka.

Kinachobana ni mapanga: vipande vyembamba kama wembe, vimelaliana kwa duara. Kila panga lina pini mbili. Moja imekaa kwenye tundu lisilohama, ya pili kwenye mfereji wa ringi inayozunguka. Ringi ikigeuka kidogo tu, yote yanaingia katikati kwa pamoja. Kwa 50 mm, f/1.8 ni uwazi wa kama milimita 28. F/16 ni 3 tu. Safari ndefu hiyo, na kwenye lenzi nyingi za zamani msukumaji ni kaspringi kadogo.

Sasa kwa joto letu hili, grisi ya ringi ya kufokasi hulainika ikatambaa hadi kwenye mapanga. Yakilowa yananatana, shata inafunguka yangali njiani. Yakiwa yamefika f/8 tu, unapata mwanga mara 4 ya ulioutaka. Kwenye f/1.8 hayana pa kwenda, ndiyo maana ukumbini hukuona kasoro.

Vua lenzi. Kama nyuma ina kijiti, kisukume kwa ukucha, kiachie. Mapanga yaruke pap! Yakijikokota, au yaking'aa mafuta, ugonjwa ndio huo. Canon za EF, tangu 1987, hazina kijiti. Mota imo ndani ya lenzi, kwa hiyo hapo utatazama lenzi ikiwa kwenye kamera.

Tafadhali usipulizie dawa ya kulegezea bolti. Nimeshaletewa lenzi ya hivyo, nikashinda nayo siku nzima. Mapanga hufanya kazi makavu: yanatolewa, yanaoshwa kwa alkoholi safi, yanarudishwa bila tone la mafuta. Kama una harusi wiki hii, juani tumia f/2.8, spidi 1/3200, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100. Mapanga yatasogea kidogo tu, na kosa litakuwa dogo.